Karatasi Tunaiogopa, Kalenda Tunaisahau

Mlinzi huyo alifika mezani kwangu na simu ya batani tu. Hakuwa na bahasha wala faili. Alikuwa amelinda ghala la vifaa vya ujenzi kwa miaka sita, usiku baada ya usiku, mpaka siku moja msimamizi wake akamwambia asirudi lindoni kwa sababu kampuni "inajipanga". Aliisogeza simu mbele yangu, kioo kimepasuka pembeni, akanionyesha ujumbe mmoja: "Subiri nikuite." Kisha akauliza swali ambalo karibu kila mfanyakazi anayekalia kiti kile huliuliza: "Dada, mimi sina mkataba. Hivi nina haki yoyote kweli?"

Nikamuuliza, "Kaka, ni lini hasa walikwambia usirudi?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Akataja mazishi ya shemeji yake, akataja siku mvua ilipokata barabara ya kwao, akarudi nyuma, akaanza upya. Tulipofungua kalenda na kuhesabu pamoja, tukapata siku 41.

Nimekuwa nikijitolea kwenye meza za msaada wa kisheria ngazi ya kata kwa miaka kadhaa sasa, na mazungumzo ya namna hii nimeyasikia mara nyingi mno, kwa wafanyakazi, kwa wajane, kwa wanandoa, kwa watu wenye viwanja. Wote huingia wakiwa na hofu moja, kwamba hawana karatasi. Mwingine hana mkataba, mwingine hana cheti cha ndoa, mwingine jina lake halimo kwenye hati ya nyumba. Lakini sheria ya Tanzania, kwa kiasi ambacho huwashangaza wengi, imeshajiandaa kumpokea mtu asiye na karatasi. Isichokuwa na huruma nacho ni kuchelewa. Na ubaya ni kwamba hofu ya karatasi ndiyo inayotuchelewesha: mtu anayeamini hana haki hukaa kimya, na siku zinazidi kuhesabika akiwa amekaa.

Tumchukue mlinzi wetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtwisha mwajiri jukumu la kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, yaani kazi yenyewe ni ipi, inafanyika wapi, saa ngapi, kwa mshahara gani. Jukumu hilo si la mfanyakazi. Mgogoro ukitokea na mwajiri akashindwa kutoa maandishi hayo, ni yeye anayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha lile linalodaiwa. Mlinzi huyu alikuwa amebeba kosa la mwenzake miaka sita, akiliona ni aibu yake mwenyewe.

Ipo pia Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo, ambayo naiona ni miongoni mwa sheria zenye utu zaidi tulizonazo. Inasema mtu atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya kadhaa: kwamba saa zake za kazi zinapangwa na mtu mwingine, kwamba anatumia vifaa vya mtu huyo, kwamba riziki yake inamtegemea yeye, au kwamba amemfanyia kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 kwa mwezi! Mlinzi wa usiku huzimaliza kabla wiki haijaisha. Dada wa kazi anayeamka alfajiri kuchemsha chai na kulala baada ya sahani ya mwisho kuoshwa huzimaliza kabla ya Ijumaa. Yule "kibarua" ambaye amekuwa kibarua wa siku kwenye kiwanda kilekile kwa miaka minne, naye yumo.

Kwa hiyo jibu la swali la mlinzi ni ndiyo, haki anayo. Tatizo lake lilikuwa zile siku 41.

Anayelalamika kwamba ameachishwa kazi isivyo halali anatakiwa kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ndani ya siku 30 tangu alipoachishwa au mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho. Migogoro mingine ya kazi, kama mshahara ambao haukulipwa, ina siku 60. Huko hakuna ada ya kufungua shauri, na mtu anaweza kwenda mwenyewe bila wakili. Kuna sharti moja ambalo lazima niliseme ili nisimpe mtu matumaini hewa: aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo hawezi kudai kwamba ameachishwa isivyo halali, ingawa mshahara wake wa siku alizofanya kazi bado anaudai kama kawaida.

Sasa ebu rudi kwenye ule ujumbe wa "Subiri nikuite". Sisemi kwamba kila mwajiri anayeandika hivyo ana hila. Wapo wanaomaanisha, biashara imeyumba na wanatumaini mambo yatakaa sawa. Lakini siku zinapohesabiwa, nia njema ya bosi haimsaidii mfanyakazi. Mahakama zetu zimeshasema kwamba mazungumzo baina ya pande mbili hayasimamishi muda. Unaweza kuwa unapigiana simu na ofisi ya rasilimali watu kila Jumatatu, unaitwa "ndugu yetu", unaahidiwa mwisho wa mwezi, na huku siku ya 31 inapita. Ikija kujitetea, kampuni ileile iliyokwambia usubiri itasema tu kwamba uliachishwa tarehe fulani na umekuja nje ya muda.

Mlango haufungwi kabisa. Aliyechelewa anaweza kuomba aongezewe muda, kwa fomu maalumu na kiapo chenye sababu. Hapo ndipo watu wengi wanapokwama, maana Mahakama ya Rufani imeshikilia miaka yote msimamo mmoja: hata siku moja ya kuchelewa lazima itolewe maelezo. Haitoshi kusema "nilikuwa naumwa". Uliumwa kuanzia lini hadi lini, ulitibiwa wapi, na ulipopona ulifanya nini siku iliyofuata? Msomi wa sheria mwenye diari anaweza kuyajibu hayo. Mlinzi anayehesabu siku kwa mazishi na mvua atapata shida.

Nikitoka kazini nikaingia nyumbani, hadithi inabadilika sura tu.

Mtaani wanaita "sogea tukae". Mwanamume na mwanamke wanapanga chumba, wanazaa, wananunua kiwanja, wanajenga, na hakuna aliyekwenda kanisani, msikitini wala kwa mkuu wa wilaya. Wakikorofishana, utasikia sauti mbili zenye uhakika mkubwa. Mmoja anasema miezi sita ikipita tayari ni ndoa. Mwingine anasema bila cheti hakuna ndoa na hakuna mgawo. Wote wawili wamekosea. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inasema wakithibitika kuishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, katika hali ambayo jamii inawatambua kama mume na mke, itachukuliwa kwamba wamefunga ndoa. Hiyo inaitwa dhana ya ndoa, na dhana inaweza kuvunjwa. Ikithibitika kwamba mmoja wao alikuwa tayari na ndoa halali ya mke mmoja, inaanguka. Na hata ikivunjwa kwa sababu kwamba hawakuwahi kufunga ndoa rasmi, mahakama bado ina uwezo wa kutoa amri za matunzo, malezi ya watoto na nafuu nyingine kama zile inazotoa ndoa inapovunjika.

Hapa kinachothibitisha ni watu. Ni yule mwenye nyumba aliyewapangisha kama mume na mke, ni mjumbe, ni mwalimu aliyewaona wote wawili kwenye kikao cha wazazi, ni kadi ya kliniki yenye jina la baba. Ninapomwambia mama aliyekaa miaka tisa na mwenzake kwamba ushahidi wake ni majirani zake, huwa ananitazama kama mtu asiyenisadiki. Alikuja akidhani nitamwambia arudi kwao.

Na kazi ya nyumbani je? Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, na kila anayejali maisha ya familia nchini humu anapaswa kulijua. Swali lilikuwa kama mke ambaye hakuleta fedha bali alipika, alifua, alilea na kuitunza nyumba anahesabiwa kuwa amechangia mali ya ndoa. Mahakama ikasema ndiyo, kazi hizo ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu, kwa sababu mahakama iliona kuwa mumewe alikwishampa fedha za mradi wa familia naye hakuzitumia ipasavyo. Nimelifikiria sana jambo hilo. Mwanamke alipoteza rufaa yake, na rufaa hiyohiyo ikawa nguzo ya maelfu ya wanawake waliokuja baada yake.

Lakini nguzo hiyo haikupi nusu kwa nusu moja kwa moja, kama wengi wanavyoamini. Mahakama ya Rufani imekuwa ikisisitiza kwamba kiasi cha mchango wa kila mmoja ni suala la ushahidi. Ndiyo maana nataka niwaeleze habari ya daftari moja.

Mama huyo alitoka Mbagala. Alikuwa ameolewa kwa ndoa ya kimila, mume ni dereva wa masafa, nyumba ina vyumba vinne na hati ya mauziano ya kiwanja ina jina la mume peke yake. Tulizungumza karibu saa nzima, akijibu kila swali kwa "sina". Una risiti? Sina. Uliwahi kutuma hela? Sina, nilikuwa nauza maandazi tu. Alipokaribia kuondoka akachomoa kwenye mkoba kaunta buku iliyochakaa, pembe zimeliwa na mende, akasema labda haina maana. Ndani, kwa kalamu ya bluu na mahali pengine penseli, aliandika kila siku ambayo mafundi walikuwa kiwanjani. Mifuko 6 ya saruji. Maji mapipa 4. Fundi Jumamosi elfu thelathini. "Chakula cha mafundi, mimi." Neno hilo "mimi" lilikuwa limejirudia kurasa nyingi. Mume alikuwa njiani na lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma, na aliyesimama juani kuhesabu tofali alikuwa yeye.

Aliandika ili mume asije akadhani hela imeliwa. Hakujua kwamba alikuwa akijiandikia ushahidi.

Nikamwambia asiiache kaunta buku hiyo kwa mtu yeyote, hata kwangu. Kisha tukaongea tarehe. Mtu hawezi kupeleka ombi la talaka mahakamani moja kwa moja isipokuwa katika hali chache maalumu. Lazima aanzie kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, la kata au la dini yake. Baraza likishindwa kuwapatanisha hutoa hati inayothibitisha hivyo. Mama yangu wa Mbagala alikuwa nayo, imekunjwa mara nne ndani ya kitambulisho cha kupigia kura. Aliamini kwamba maadamu anayo, anayo. Lakini sheria inataka hati hiyo iwe imetolewa si zaidi ya miezi sita kabla ya kufungua ombi la talaka. Yake ilikuwa na miezi minane. Ikabidi arudi barazani, akae tena mbele ya wazee walewale, aeleze upya mambo ambayo mara ya kwanza tu yalimgharimu machozi. Hakuna aliyekuwa amemwambia, na kwenye karatasi ile hapakuwa na mstari wowote unaotaja miezi sita.

Kuhusu nyumba yenyewe, wapo wanaokuja wakiwa wamechelewa zaidi, wakati dalali amekwishabandika tangazo mlangoni. Mume alikopa, akaweka nyumba dhamana, mke hajui. Sheria ya Ndoa inakataza mwanandoa kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina kwenye hati ni lake peke yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inataka ridhaa hiyo kwenye rehani. Ila siku hizi wapo wanaume wanaokula kiapo kwamba hawana mke, na kiapo hicho kinampa mkopeshaji pa kujishikia. Ndiyo maana mke anaruhusiwa kuweka zuio kwa Msajili wa Hati mapema, wakati ndoa bado ina amani. Wengi huniambia, "Dada, nikiweka zuio si nitakuwa namwambia mume wangu simwamini?" Swali hilo naliheshimu, sina jibu rahisi. Ninachowaeleza ni kwamba baada ya nyumba kupigwa mnada na mnunuzi kukabidhiwa, maneno yako mazuri kuhusu ridhaa yatakuwa yanapigana na haki za mtu wa tatu.

Na kwa nyumba nyingi za mijini, ambazo ziko maeneo yasiyopimwa na hazina hati, hakuna daftari la msajili la kuwekea zuio. Hapo nawashauri waandike barua kwa serikali ya mtaa, wabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Haina nguvu ya zuio, lakini atakayekuja kusema hakujua atakuwa na kazi ya kueleza.

Hata dalali naye ana kalenda. Mwenye mkopo aliyechelewa kulipa lazima apewe notisi, na uwezo wa kuuza hauanzi kabla siku 60 hazijapita tangu aipokee. Mnada wenyewe unapaswa kutangazwa angalau siku 14 kabla. Nimeona watu wakichana tangazo kwa hasira na kulitupa. Lile tangazo lina tarehe, na huenda tarehe hiyo ndiyo iliyokuwa ikuokoe. Lipige picha kwanza.

Kuhusu mirathi nitasema mambo mawili, ingawa ingestahili makala yake. Kwanza, msimamizi wa mirathi si mrithi kwa sababu tu amekuwa msimamizi. Kikao cha ukoo kinamteua kaka mkubwa au baba mdogo, mahakama ya mwanzo inampa barua, na tangu siku hiyo anatembea na barua ile kama hati ya nyumba. Kanuni zinamtaka, ndani ya miezi minne, awasilishe mahakamani orodha ya kweli na kamili ya mali na madeni ya marehemu. Mashauri yanayofunguliwa ngazi za juu yana miezi sita kwa orodha na mwaka mmoja kwa hesabu. Wajane na watoto wengi hawajui kwamba tarehe hizo zipo, wala kwamba wanaweza kwenda mahakamani kuuliza, "Mheshimiwa, miezi minne imepita, orodha iko wapi?" Wanasubiri msimamizi awaite. Tena wanasubiri kuitwa.

Pili, karatasi za zamani bado zinatuumiza. Tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 lilimweka mjane nje ya urithi wa mumewe kama kuna ndugu wa ukoo, eti atatunzwa na watoto. Wajane wawili wa Shinyanga, waliofukuzwa na ndugu wa waume zao, walilipinga mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba mila hizo ni za kibaguzi lakini ikakataa kuzibatilisha. Wakakata rufaa, wakakaa miaka minne, na mwaka 2010 rufaa ikatupwa bila hoja yao kuguswa, kwa sababu amri ya Mahakama Kuu ilikuwa na tarehe isiyo sahihi. Tarehe! Kosa ambalo wao hawakulitenda. Ilibidi suala lifike kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema haki zao zimekiukwa na kuitaka Tanzania iwalipe fidia na kurekebisha sheria. Ninapomwambia mjane kwamba asipuuze tarehe, huwa nawakumbuka hao wawili, maana wao hawakupuuza kitu.

Upande wa ardhi, karibu kila mtu ameshasikia ile miaka 12. Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971 inaweka miaka 12 kuwa muda wa kudai ardhi mahakamani. Mtu anayekaa Mwanza ana kiwanja Kigamboni, anakuja baada ya miaka kumi na tano anakuta nyumba ya ghorofa na watoto wamezaliwa humo. Mara nyingi hapo amechelewa. Lakini watu wameigeuza miaka 12 kuwa kitisho kinachowaangukia hata wasiostahili. Ndugu uliyemkaribisha akae kwenye shamba lako, au mlinzi uliyemweka atunze kiwanja, hawi mmiliki kwa kukaa tu. Mahakama zimesema mara nyingi kwamba mtu aliyekaribishwa hawezi kumnyang'anya aliyemkaribisha, hata akikaa miaka thelathini. Shida inaanza aliyemkaribisha anapokufa, na wote waliokuwepo siku ile ya kukaribishana wamekufa pia.

Na hapa lazima niwe mkweli: mahali pamoja ambapo sheria haina subira na asiye na karatasi ni kwenye kununua ardhi. Mkataba wa kuuza ardhi unatakiwa uwe wa maandishi. Si kupeana mikono mbele ya mjumbe, si ujumbe wa simu wa "nimepokea hela ya kiwanja". Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unathibitisha kwamba alishuhudia, haumfanyi muuzaji kuwa mwenye mali kama hakuwa, na ardhi ya kijiji haiuzwi bila baraka za halmashauri ya kijiji. Mtu akiniambia anakwenda kulipa kesho, namwomba aahirishe wiki moja tu akaulize ofisi ya ardhi. Wachache hukubali. Bei huwa ni ya leo, muuzaji ana mgonjwa, na yupo mteja mwingine anayekuja jioni.

Tangu mwaka 2021 mabaraza ya kata hayaamui tena migogoro ya ardhi, yanasuluhisha tu, na yana siku 30. Zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata kama kata haijampa hati. Bado napokea watu waliokaa miezi kumi na moja wakiambiwa na kata "njoo wiki ijayo".

Mwaka huohuo wa 2021 Bunge lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki. Nilifurahi sana, na bado nafurahi. Hofu yetu ya karatasi ina asili yake. Vizazi viwili au vitatu vimepokea barua za mahakama kwa Kiingereza na kuzipeleka kwa mwalimu wa shule ya msingi awasomee. Lakini kutafsiri sheria nzima hakutamsaidia mlinzi kama tarehe inayomhusu imebaki kwenye kanuni ambayo hajawahi kuiona. Ninachokitaka ni kidogo na hakina gharama. Barua ya kuachishwa kazi iwe na mstari mmoja unaosema una siku 30 za kwenda CMA kama huridhiki, na mwajiri asiyetoa barua, au asiyeweka mstari huo, asiruhusiwe baadaye kulalamika kwamba mfanyakazi amechelewa. Hati ya baraza la usuluhishi iandikwe kwa herufi kubwa siku inapokwisha nguvu. Barua ya msimamizi wa mirathi itaje tarehe ya kuleta orodha, na nakala wapewe warithi wote. Risiti ya maji ina tarehe ya mwisho ya kulipa. Hati zinazobeba ndoa, kazi na nyumba za watu hazina.

Wapo wanasheria watakaoniambia kwamba kutojua sheria si utetezi. Nalijua hilo, na mahakamani nalikubali. Lakini hatuzungumzii mtu aliyevunja sheria. Tunazungumzia mtu ambaye sheria imempa kitu na hakuna aliyemwambia siku ya kukichukua.

Mlinzi alirudi kesho yake asubuhi kama tulivyokubaliana. Nilimpa karatasi yenye mistari 41, kila mstari tarehe yake, nikamwomba aandike kila siku alikuwa wapi ili tutengeneze kiapo cha kuomba kuongezewa muda. Alikaa kwenye benchi la nje karibu saa mbili. Siku nne alikuwa msibani, Kilosa, na tiketi ya basi anayo. Siku sita mtoto wake alilazwa, na cheti cha hospitali kipo. Siku tatu alikwenda mwenyewe ofisini kwa kampuni, na mlinzi mwenzake wa getini anaweza kushuhudia. Mistari mingine yote 28 aliijaza kwa neno moja, kwa mwandiko wa taratibu wa mtu asiyeandika kila siku: nasubiri. Nikaiweka karatasi hiyo juu ya faili, na simu yake yenye ule ujumbe tukaipiga picha, tukaanza kuandika kiapo.